Kutoka Chumba cha Kiingereza

Chepkirui mwanangu,

Sanduku lako limefungwa, liko karibu na mlango, na wewe umeenda kuwaaga majirani. Nimeketi jikoni na chai yangu. Mvua haijaamua kama itanyesha. Nimeona nikuandikie badala ya kukungoja, maana nikikuambia kwa mdomo utanikatiza, nami nitakasirika, na mwisho tutajikuta tunazungumza habari za soksi.

Mambo ya sabuni, blanketi na watu wa kuogopa njiani shangazi yako ameshakueleza, tena amerudia. Mimi nina jambo lingine. Jumapili tukichuma sukuma uliniuliza, "Mama, wewe ulikuwa unajuaje kwamba sasa huyu mtoto yuko tayari kutoka kile chumba?" Uliuliza kwa sababu kesho unaenda chuo cha ualimu, na unadhani mama yako, aliyekaa na watoto wa chumba cha Kiingereza miaka yote hii, ana jibu. Nami nikakupa jibu, haraka, kama mtu anayelijua. Ukacheka kidogo, ukaniambia neno, na tangu siku hiyo sijatulia. Leo asubuhi nimetia chumvi kwenye chai.

Acha nianzie mbali kidogo. Ulikuwa mdogo, na sidhani unaujua upande wangu.

Ulikuja kuishi nami hapa kwenye esteti ya chai ukiwa unaingia darasa la nne. Kabla ya hapo ulilelewa na kogo, mama yangu, upande wa Bomet, kwa sababu nilipokuzaa nilikuwa bado natafuta kazi, na nilipoipata nilipewa kitanda kwenye chumba cha walimu watatu. Kule kwa kogo ulisoma mpaka darasa la tatu kwa Kikipsigis, lugha yetu, na ulikuwa mtoto wa maneno. Kogo alikuwa akisema hata kuku wanakukimbia kwa maswali. Kiswahili chako kilikuwa cha sokoni tu. Kiingereza ulikuwa nacho cha salamu.

Na darasa la nne ndipo mambo hugeuka. Hesabu kwa Kiingereza, sayansi kwa Kiingereza, hata kuomba ruhusa ya kwenda choo. Shule yetu ilikuwa na watoto wa wachuma majani na wa kiwandani, Wakipsigis, Wajaluo, Wakisii, wote wakikutana kwenye Kiswahili uwanjani, na kila mwaka wengine walifika darasa la nne wakakaa tu kama magunia. Ndipo mwalimu mkuu akanipa kile chumba nyuma ya stoo. Akaniambia, "Mwalimu, chukua hawa wasiosikia Kiingereza. Kaa nao mpaka wawe sawa, halafu uwarudishe."

Nikamuuliza nitajuaje kwamba wamekuwa sawa.

"Utaona tu," akasema. "Wewe si ni mwalimu?"

Basi nikajitungia mtihani. Mtoto anasoma hadithi fupi kwa sauti, ananijibu maswali. Akifaulu anatoka, anakaa na wenzake siku nzima. Akishindwa anaendelea kuja kwangu kila siku baada ya mapumziko, wakati wenzake wako kwenye sayansi. Na hapo penyewe palikuwa na fundo ambalo sikuliona mapema. Mtoto aliyekuwa kwangu akijifunza Kiingereza alikuwa anaikosa sayansi, na kadiri nilivyomshika ndivyo alivyozidi kuachwa nyuma. Nikimwachilia kabla hajaiva, anakaa mbele ya sayansi hiyo hiyo bila kusikia kitu. Mpaka leo sijui katikati yake ni wapi.

Wewe ulikaa mle muhula mmoja. Siku ya mtihani ulisoma hadithi ya mkulima na punda wake bila kukwama, ukajibu kila swali. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Huyu ameiva." Nikafurahi kuliko inavyofaa, maana walimu wenzangu walikuwa wameshaanza kuniuliza wakati wa chai kama ni kweli binti wa mwalimu wa Kiingereza yuko kwenye darasa la wasiojua Kiingereza. Nikakutoa siku hiyo hiyo. Kwamba ulikuwa umewasikiliza wenzako wote wakisoma hadithi ile ile kabla yako, na kwamba kichwa chako hushika wimbo kabla ya maana, hayo niliyajua. Niliyajua nikayaweka kando.

Haukupita muda, mwalimu wa hesabu akaniletea daftari lako huku anacheka. Swali lilikuwa la mama mwenye mayai kumi, ameuza manne, "how many are left?" yaani yamebaki mangapi. Nawe ulikuwa umeandika kwa mwandiko wako mzuri, "Four are left and six are right." Manne yako kushoto, sita yako kulia. Walimu walicheka, nami nikacheka nao. Halafu nikatoka nikasimama kando ya tangi la maji mpaka kengele ikalia. Hukuwa umekosea hesabu. Ile sita ulikuwa umeiona vizuri kabisa.

Baada ya hapo ulinyamaza. Darasani kwanza, kisha njiani, kisha nyumbani. Asubuhi ukawa unaumwa tumbo, na maumivu yalipozidi nikakupeleka hospitali Kaplong. Daktari, kijana mpole, akakuuliza kwa Kiingereza unaumwa wapi. Ukasimama wima, mikono ubavuni, ukasema, "I am fine, thank you." Akaniangalia. Akakuuliza tena kwa Kiswahili. Ukasema, tumbo. Alilibonyeza kila mahali, hakupata kitu.

"Mama," akaniuliza, "kuna kitu huyu mtoto anaogopa?"

Nikasema hapana.

Sasa ona dawa niliyokutafutia mimi mwenyewe. Niliona kama Kiingereza ni kidogo, basi tukiongeze. Nikatangaza kwamba ndani ya nyumba hii hakuna Kikipsigis tena. Baba yako alipokuja mwisho wa mwezi kutoka kazini Nakuru akakuta tunaombana chumvi kwa Kiingereza, akatafuta sababu ya kwenda kutengeneza ua. Nilijiona mama anayejitoa kwa ajili ya mtoto wake.

Kisha kogo akaja kukuona. Alikuja na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, alichokutayarishia wewe, akakuketisha karibu naye, akaanza kukupa habari za ndama wako aliyebaki kule, akakuuliza kama bado unamkumbuka. Wewe ukaniangalia mimi kwanza. Kisha ukamjibu, "Yes, Grandmother."

Kogo akacheka, akadhani ni mchezo. Akakuuliza tena, kama unataka kuja kumwona ndama. "Yes, Grandmother." Hakucheka tena.

Tulipokuwa tunaosha vyombo akaniambia kwa sauti ya chini, "Mimi nilikupa mtoto asiyenyamaza. Huyu ni wa nani?"

"Mama, shule za siku hizi ni tofauti."

"Sijakuuliza habari za shule," akasema.

Alipoondoka sikubadilisha chochote. Nataka ulijue hilo. Niliona uchungu, lakini niliuona kama uchungu wa dawa.

Sasa nije kwa Akinyi. Unamkumbuka, mlikuwa mnakaa benchi moja mle chumbani kabla sijakutoa. Baba yake, Mzee Ouma, alikuwa kwenye mashine za kukaushia majani kiwandani, na nguo zake zilinukia chai hata siku ya kanisa. Wewe uliponyamaza, aliyelipa ni Akinyi. Nilianza kuogopa kumtoa mtoto yeyote. Akinyi alifaulu mtihani wangu, nikamtungia mwingine. Akafaulu huo, nikamtafutia wa tatu wenye maneno ambayo hata mimi nililazimika kuyatazama mara mbili. Ukaingia mwaka mwingine, ninyi mko darasa la tano, yeye bado anakuja kwangu kila baada ya mapumziko.

Mzee Ouma akaja shuleni.

"Mwalimu, watoto wanamwambia huyu msichana kwamba kichwa chake ni kigonjwa," akasema. "Mtoe tu. Akae na wenzake."

"Hajawa tayari, Mzee."

"Sasa atakuwa tayari lini?"

"Sijui."

"Wewe ndiye mwalimu. Kama wewe hujui, mimi nitajua?"

Nikamtoa. Kabla ya muhula kuisha Mzee Ouma akarudi, kofia mkononi. "Mwalimu, afadhali umrudishe. Jana amelia juu ya kitabu cha sayansi mpaka chakula kikapoa. Nilikosea."

"Hukukosea, Mzee."

"Basi ni nani amekosea?"

Tukabaki tumesimama pale getini tunatazama matrekta ya majani yakipita. Kesho yake Akinyi alirudi kwangu, na sikuona kama amefurahi wala amehuzunika. Alichukua nafasi yake ya zamani, akafungua kitabu.

Ni katika juma hilo hilo ulipokuja wewe. Nilikuwa naandika ubaoni, mlango ukafunguka, ukaingia na daftari lako. Hukuwa umemuaga mwalimu wako wala hukunisalimu. Ulienda ukakaa karibu na Akinyi. Nikakuuliza kwa Kiingereza, mbele ya wote, unatafuta nini. Ukanijibu kwa Kikipsigis, "Nataka kurudi."

"Ulishatoka," nikasema.

"Najua."

Ilikuwa muda mrefu sijasikia sauti yako ikiwa kubwa kiasi kile. Nikageukia ubao ili usione uso wangu.

Mwalimu mkuu alipojua akaniita. "Mwalimu, mtoto hawezi kujirudisha mwenyewe," akasema. "Aliyetoka ametoka. Kesho wote watataka kurudi, na darasani tutamfundisha nani?" Maneno yake yalikuwa na maana. Nikamwomba aniachie wewe mpaka mwisho wa muhula.

"Unaniomba kama mwalimu ama kama mama?"

"Hata mimi sijui, Mwalimu."

Akanitazama, akaguna, akarudi kwenye karatasi zake. Ukabaki.

Na mle ndani, Chepkirui, ulifunguka. Nilikuwa na desturi ya kueleza maneno magumu kwa lugha ya mtoto, pale nilipoiweza. Siku ya "evaporation" nilikueleza kwa Kikipsigis habari za sufuria ya maziwa jikoni kwa kogo, jinsi mvuke unavyopanda na maziwa yanavyopungua, nawe ukanikatiza. Ukauliza mvuke unaenda wapi. Ukauliza kama ndio unaorudi kuwa mvua ya huku Kericho, na kama ni hivyo, mbona mvua si nyeupe. Darasa zima likacheka, na safari hii ulicheka nalo. Ukaanza kumnong'oneza Akinyi, naye anakujibu, na nikijifanya kukasirika mnainamisha vichwa pamoja.

Hapo nikapata somo langu. Nikajiambia, nilimtoa mapema, na yeye mwenyewe amekuja kwa miguu yake kumalizia Kiingereza chake. Tangu mwaka ule nikawa mwalimu wa kuchelewesha. Wazazi walipokuja kulalamika niliwapa mfano wako bila kutaja jina. Nilisema, namjua mtoto aliyetolewa mapema, alikuwa bubu mwaka mzima. Wakaenda zao. Wapo watoto waliolia wakitaka kutoka. Niliwafuta machozi nikawaambia ni kwa faida yao.

Wewe ulitoka katikati ya darasa la sita, na si mimi niliyekutoa. Siku moja hukuja. Nilingoja na chaki mkononi. Kesho yake pia hukuja. Nikapita karibu na dirisha la darasa la sita, nikaona mkono wako uko juu, unapunga kama mtu anayesimamisha gari. Nikarudi zangu. Akinyi naye alitoka muhula huo, na kwa kweli sikumbuki ilikuwaje.

Basi Jumapili uliponiuliza, nilikuwa na jibu la tangu zamani. Nilikuambia, "Usiwe na haraka. Afadhali achelewe kutoka kuliko awahi. Wewe mwenyewe si nilikutoa mapema, ukarudi kutafuta Kiingereza?"

Ukacheka, ukakata jani lingine la sukuma. Ukasema, "Mama, mimi sikurudi kutafuta Kiingereza. Nyumbani ulikuwa umekataza Kikipsigis. Mle chumbani ndimo ulimokuwa unakisema."

Nikasema naenda kukamua ng'ombe. Ng'ombe alikuwa ameshakamuliwa, na nadhani ulijua.

Sasa nimebaki naligeuza neno lako huku na huku, na kila upande lina mwiba. Kama ulikuja kutafuta lugha ya mama yako, basi huenda ububu ule haukutokana na kutolewa mapema. Huenda ungeweza kabisa kukaa darasa la nne, ukachekwa kwa mayai yako, ukarudi nyumbani ukayasema kwa Kikipsigis tukacheka wote, na kesho ukaamka huumwi tumbo. Ni mimi niliyeziba mlango wa nyumbani. Au ni yote mawili kwa pamoja. Au pengine ulikuwa unatafuta Kiingereza kweli, ila sasa umekua, na mtu mzima huyapanga mambo ya utotoni yakae vizuri. Sijui. Na wale niliowashikilia miaka yote kwa mfano wako, nimewafanyia nini? Wengine wamefika mbali. Wengine wanachuma majani hapa hapa na kunisalimu vizuri sana. Siwezi kusema nani alifika kwa sababu yangu, na nani alikwama kwa sababu yangu.

Sijawahi kukuambia kwamba nilionana na Akinyi mwaka ule wa mvua ya El Niño. Barabara ilikuwa imekatika, tukakwama wote Kaplong, tukajikinga chini ya baraza la duka. Alikuwa anasoma sekondari kwao ziwani, mrefu, ana miwani. Nikamwuliza swali nililolibeba miaka mingi. "Akinyi, nilikuweka sana mle ndani?"

Alifikiri kwa dhati, kama mtu anayeheshimu swali. "Mwalimu, mimi sikumbuki hata nilitoka lini," akasema. "Nakumbuka Chepkirui alikuwa ananinong'oneza majibu kwa Kijaluo kibaya sana."

"Chepkirui hajui Kijaluo."

"Alijua. Mimi ndiye nilikuwa namfundisha, wewe ukigeukia ubao."

Unaona? Mimi nilikuwa napima Kiingereza kwa rula, na nyuma ya mgongo wangu kulikuwa na shule nyingine ambamo hakuna aliyeingizwa wala aliyetolewa.

Kwa hiyo wakikupa chumba kama kile, nawe utapewa, maana wapya ndio hupewa, sina kanuni ya kukupa. Ninayo mashaka tu. Nashuku kwamba mtihani huonyesha anachoweza mtoto ukiwa unamtazama, na maisha yake mengi hutamtazama. Nashuku kwamba mwalimu mkuu wetu alitaka mlango wa kutokea tu, nami nikakubali, ilhali mlango ni wa kuingilia pia. Nilitaka kukuandikia kwamba ukishindwa umuulize mtoto mwenyewe, nikaona hapo nimepata neno la hekima. Lakini nimelijaribu wiki hii. Kuna msichana mle chumbani, huu ni mwaka wake wa pili, na nilikuwa nimepanga kumwongezea muhula. Nikamketisha, nikamwambia sahau mimi ni mwalimu, wewe unataka nini. Akafikiri. Akasema, "Nataka wewe uniambie, Madam."

Basi hekima yenyewe ikaishia hapo. Nimemwambia Jumatatu aende kwa wenzake kwenye sayansi, na akitaka kuja kwangu aje bila kubisha, akitaka kuondoka aondoke. Mwalimu mkuu huyu wa sasa hajui. Huenda ni kosa jipya. Angalau si lile la zamani.

Nasikia sauti yako kwa jirani, unacheka na mtu, kwa hiyo nimalize. Kesho asubuhi nitakusindikiza mpaka kwenye lami. Nimekuwa nikitafuta neno la kukuaga tangu nilipoamka. La Kiingereza ninalo, nimelifundisha miaka mingi, ila ni la kuwapungia wageni. La Kiswahili ninalo, nalo ni la kila mtu. La kwetu likinijia nitalisema, na huenda nikalia katikati yake, watu wakituangalia. Lisiponijia, usinisubiri. Panda gari, mwanangu.

Mama yako